Bakuli la Ng'ambo ya Uchochoro

Siku ile jirani mpya alipofungua mlango wake mkabala na wetu na kutundika kibao cha "Mahamri Moto", mama yangu alitazama, akapangusa mikono kwa leso yake, akasema neno moja tu.

"Atachoka."

Mimi sikusema neno moja. Mimi nilisema mengi, maana ulimi nilipewa na Mungu na sijawahi kuuwekea akiba. Nilisema, huyu mwanamke ana macho kweli? Mji wa Kale wote huu, na Makadara yote ile yenye watu wenye njaa, yeye akaona mahali pa kuuzia mahamri ni mbele ya mlango wa mtu anayeuza mahamri tangu yeye hajazaliwa? Mama akaniambia ninyamaze nikoroge mbaazi zisishike chini. Nikakoroga kwa hasira mpaka zikarukia ukuta, na ukuta nikausafisha mwenyewe.

Niwaeleze kwanza mama yangu ni nani. Bibi yangu, mzaa mama, aliuza mahamri na mbaazi za nazi kwenye mlango huohuo, na alipofariki, mara tu matanga yalipoondolewa, mama akajifunga leso akaendelea. Baada ya sala ya alfajiri nusu ya juu ya mlango hufunguliwa, sinia la mahamri huwekwa, sufuria ya mbaazi huwekwa kando yake, na watu huja kila mmoja na bakuli lake la kutilia mbaazi. Mama alikuwa akimjua mtu kwa bakuli kabla hajamtazama usoni. "La maua mekundu hilo, ongeza upawa, ana mgonjwa nyumbani." Lakini katika upishi wake hakuongeza wala kupunguza kitu tangu enzi za bibi. Unga, tui la nazi, sukari, hamira, iliki, basi. "Mahamri ni mahamri," husema. "Ukitaka kutia mengine, yatafutie na jina jingine."

Na watu walinunua. Walinunua kwa kuwa walipenda, na tuseme ukweli, walinunua pia kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Mwisho wa mtaa palikuwa na mzee wa bajia, lakini bajia zake za leo zilikuwa ni za jana zilizorudishwa mafutani, na hilo lilijulikana hadi msikitini.

Jirani mpya hakuchoka. Alikuwa mwanamke mchanga, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, Mkristo, mumewe utingo wa malori ya Kilindini, na wenyewe wakikaa Buxton. Alikuwa amepika miaka kwenye mkahawa mmoja mdogo wa Makadara hadi akachoka kumpikia mtu mwingine apate sifa. Chumba alikipanga kwa bibi wa Kihindi aliyekaa ghorofa ya juu yake, jirani yetu wa siku zote. Bibi huyo alikuwa na magoti mabaya, ngazi zimemshinda, kwa hivyo mambo yake yote aliyafanya kwa kikapu alichokiteremsha dirishani kwa kamba. Ukimtilia samaki, samaki hupanda. Ukimtilia umbea, nao hupanda.

Kila asubuhi jirani mpya alitusalimu kutoka kwake. "Shikamoo mama! Dada, subulkheri!" Mama akiitikia marahaba yake kwa ukamilifu, maana salamu si biashara. Mimi nikiitikia kwa pua.

Ijumaa ya wiki ile kaka yangu akaja. Kaka hufanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu mzuri, mpole, na ana kasoro moja tu: anapenda kuwapumzisha watu. Alikaa barazani akatazama watu wakisimama kwa jirani, akatikisa kichwa.

"Mama, soko limeingiliwa."

"Nimeona. Sijapofuka."

"Kwetu bandarini nimeliona hili mara nyingi. Kampuni mpya ikija na mbinu zake, zile kongwe huwa mafungu mawili. Kuna zinazoshtuka zikaamka, zikafanya mambo ambayo hata zenyewe hazikujua zaweza. Na kuna zinazokunja mikono zikasema, wateja wangu ni wangu. Hizo siku moja hufunga milango na hakuna anayeuliza zilikwenda wapi."

"Na mimi ni fungu lipi?"

Kaka akatazama viatu vyake. Kisha akaanza yale maneno yake: kwamba kwake Nyali kuna lifti, kuna chumba cha mama tayari, kuna kochi, kuna upepo, magoti yake hayatamuuma, moshi hatauvuta. Mama akacheka kwa kiburi. Hapo ndipo walipoafikiana, nami nikiwa shahidi. Ikifika vunjajungu, zile siku za kula na kufurahi kabla ya kufunga Ramadhani, kama sinia bado linarudi jikoni na mahamri yaliyokosa mnunuzi, kaka atakuja na gari.

"Njoo," mama akasema. "Hata uje na malori."

Nitasema wazi: niliogopa. Nawajua kina mama wa mtaa wetu waliochukuliwa kwenda kupumzishwa ng'ambo ya daraja, huko Nyali. Wanapumzika hadi wanasahau kusimama. Mama yangu bila mlango wake, bila kumuuliza mtu hali ya mgonjwa wake, angekuwa mgeni kwenye kochi la mtu. Na mimi je? Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kunishinda, au mimi kuishinda, inategemea unamuuliza nani. Jiko lile ndilo lililonipokea. Nilimchukia jirani kwa nafsi yangu na kwa nafsi ya mama pia.

Kesho yake bakuli likaja.

Tulipofungua mlango tulilikuta juu ya baraza, limefunikwa kitambaa cheupe. Bakuli zuri la kauri, maua madogo ya samawati, ukingo wa dhahabu uliofifia. Halikuwa bakuli la mteja wetu yeyote, mama angelijua. Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na mahamri, lakini ya manjano.

"Lahaula! Haya yana homa gani?"

Nikayanusa. Boga. Katika mtaa ule, mtu wa kutia boga kwenye mahamri alikuwa mmoja tu. Mama akainua uso akatazama ng'ambo. Jirani alikuwa ameinama juu ya karai lake. Akainuka, akatuona tunamtazama, akatabasamu.

"Kajileta kwa salamu," mama akasema. "Basi ana adabu, hata kama ana boga."

Nikamwambia, mrudishie bakuli lake sasa hivi, ajue tumeelewa. Mama akanigeukia. "Bakuli la mtu lirudi tupu? Kwani mimi sikuwa na wazazi?"

Hilo halina mjadala kwetu. Chombo kikija na kitu, hurudi na kitu. Kikirudi kitupu ni kama umemfungia mtu mlango usoni. Nikamwona mama amemega kipande kwa siri, anatafuna, anatafuna, macho yako darini.

"Ni laini," akasema kwa uchungu.

Sasa ikawa kazi: arudishe nini? "Nimrudishie mahamri mtu aliyeniletea mahamri? Atadhani ni yake yamepauka." Akazunguka jikoni. Akafungua mitungi, akafunga. Kisha akatoa tende, akazitoa kokwa, akazipondaponda na iliki na simsim, akaanza kuzifungia ndani ya donge. Nikaweka mkono kiunoni.

"Mama. Mahamri ni mahamri."

"Haya si ya kuuza. Haya ni ya bakuli."

Nikalivusha bakuli. Jirani alilipokea kwa mikono miwili, akachungulia, akaniangalia, akachungulia tena. Nikasema, mama anasema ahsante. Akasema, jamani, mwambie mama ahsante sana. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. Siku hizohizo bibi wa ghorofani akashikwa mikono akateremshwa ngazi, akasafiri kwenda kumwona binti yake Ulaya. Madirisha yakafungwa, kikapu kikalala ndani.

Bakuli likarudi na mbaazi zilizotiwa ukwaju.

Mama alionja, akakaa chini. "Msichana huyu ana ujuba," akasema, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu baba yetu alipofariki. Jicho lilikuwa linacheka. Likaenda na vibibi, vile vikate vya mchele na nazi, vyenye ndizi mbivu chini. Likarudi na mahamri madogomadogo yenye ganda la ndimu. Likaenda na mbaazi za nazi ya kuchoma. Mimi nikawa mtu wa kuvuka uchochoro, asubuhi kwenda, asubuhi nyingine kupokea, na kila mara maneno yaleyale: mama anasema ahsante, mwambie mama ahsante. Kulala nayo, kuamka nayo. Nikitaka kupumzika naambiwa, "Bakuli la watu limekaa siku nyingi humu, wataona tumelitamani."

Yale ya bakuli hupikwa mengi kidogo, donge halipimwi kwa bakuli moja. Na yaliyobaki yapelekwe wapi? Nikayaweka pembeni ya sinia. Mteja wa kwanza aliyeonja ya tende alirudi na dada yake. Mama akaona, akajifanya hakuona. Wiki ya pili akasema, "Tia ya tende kidogo kwenye sinia, watu wasione tunawanyima." Nikasema, na jina tuyape lipi? Akanirushia leso.

Msidhani yote yalikuwa matamu. Kuna siku mama alitia kahawa kwenye donge, ile kahawa chungu ya tangawizi, akisema watu wanakunywa kahawa na kula hamri, basi tuwaondolee usumbufu. Yakatoka meusi. Nilikula moja moyo ukanienda mbio hadi adhuhuri. Nikawatupia paka wa uchochoroni, na mnajua paka wa Mji wa Kale hawachagui. Wakayanusa wakaenda zao. Siku ile bakuli lilikwenda na kaimati, vile vidonge vitamu vya kukaanga, na mama akaapa kwamba kahawa hakuwahi kuitia, nami nimeota.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa vikombe. Jirani alianza kuwauzia mbaazi kwenye vikombe vya karatasi watu wasio na bakuli: makarani, wanafunzi wa chuo cha pale Buxton, madereva wa tuktuk. Mama akaghadhibika. "Mtu asiye na bakuli si mtu wa hapa!" Nikamwambia, ndiyo mama, si wa hapa, lakini tumbo analo. Akanuna siku nzima. Akawa anawatazama wale watu wanavyosimama, kikombe mkono huu, hamri mkono ule, begi limebanwa kwapani, simu inalia na hakuna mkono wa kuishika.

Asubuhi moja akachukua hamri la moto, akalipasua ubavuni. Mnajua hamri likiumuka vizuri lina uwazi ndani. Akatia mbaazi nzito, zilizokaushwa tui, akalifunga kwa kipande cha karatasi, akanipa.

"Kula kwa mkono mmoja."

Nikala. Wallahi sikuacha hata chembe. Nikabaki nimesimama na karatasi.

"Hamri lenyewe ndilo bakuli," mama akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, tukacheka wawili jikoni na mafuta yanaungua.

Yale yaliondoka, bibi wee! Yaliingia kwenye tuktuk yakatokea Kilindini. Jirani alipoletewa kwenye bakuli nilimwona ameshika moja, analigeuza huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, mama huyu." Wiki iliyofuata naye akawa anapokea maagizo kwa simu. Basi mama akataka simu yake ifundishwe. Nikamfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba mama hasemi na mtu kabla ya kumsalimu. "Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Subulkheri. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama yako yule mguu waendeleaje? Mshukuru Mungu..." Simu ikakata hapo, na la mahamri halijatajwa. Lakini watu walimjibu! Walimjibu kwa urefu uleule, na mwisho wakaagiza. Wengine nadhani waliagiza ili waulizwe mguu.

Yule mzee wa bajia ndiye aliyekunja mikono. Aliketi akatutazama tukivushana bakuli, akasema wanawake hawa wana wazimu, wateja wangu ni wangu, na bajia zake akaendelea kuzirudisha mafutani. Siku moja mlango wake haukufunguliwa. Nilimwonea huruma yeye. Bajia zake sikuzililia. Kaka alisema kweli kuhusu yale mafungu mawili.

Na sinia la mama? Lilikuwa linarudi jikoni jeupe, bila hamri hata moja. Nilianza kuhesabu wiki za kufika vunjajungu kwa furaha. Hata chuki yangu kwa jirani nikaona imeniponyoka, sijui lini. Huwezi kumchukia mtu ambaye kila kukicha unataka kujua leo amepika nini.

Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ilipoingia, bibi wa ghorofani akarudi. Alitaka kufunga kwake, alisema, Ulaya adhana huisikii. Gari lilimshusha mdomoni mwa uchochoro, akaja pole pole kwa mkongojo, na kabla ya kuzikabili ngazi zake akaomba akae kwenye baraza letu avute pumzi. Mama akatoka, jirani akatoka, salamu zikaenda zikarudi. Bakuli lilikuwa hapohapo barazani, limejaa, linasubiri mimi nilivushe.

Bibi akaliangalia. Akavaa miwani.

"Are! Bakuli langu!"

Akalivuta hadi mapajani pake.

"Hili ni la harusi yangu! La kabatini! Nimemuudhi binti yangu miezi yote hii, namwambia yule kijakazi anayekuja kunifulia amelivunja akaficha vigae!" Akaligonga kwa ukucha. "Sasa ndiyo nakumbuka! Wiki ile mpangaji wangu alipoanza, alfajiri moja nilinunua mahamri yake ya boga, nikasema niwagawie majirani, ufunguzi upate baraka. Sahani zangu zote zilikuwa zimeshafungwa kwa safari. Nikatoa hili, nikateremsha kwa kikapu, nikamwambia muuza kahawa aliyekuwa akipita, weka pale barazani kwa mama wa mahamri. Mbona hamkunirudishia?"

Mama akamgeukia jirani. Jirani alikuwa ameshika mdomo.

"Si lako?" mama akauliza.

"Mama, mimi nilidhani ni lako!"

"Mimi nilidhani ni lako wewe!"

"Nilipoletewa zile tende nilijua mama amenikaribisha kwa bakuli lake. Nikasema siwezi kulirudisha tupu, nitaonekana sina malezi. Nikarudisha. Likaja tena! Kila wiki namwambia mume wangu, sasa basi, akili imeniishia, nikirudisha hili sipiki tena kitu kipya. Halafu dada huyu namwona anavuka. Nikasema mama huyu ananipima. Nikishindwa nitafunga mlango nirudi Makadara."

"Unapimwa wewe?" mama akasema. "Mimi nimeshatia kahawa kwenye unga kwa ajili yako!"

Kumbe sikuota! Nilipiga ukelele. Bibi akaanza kucheka kwanza, kicheko cha kukohoa, kisha jirani, kisha mama akakaa chini kabisa kwenye baraza, leso imemuanguka, machozi yanamtoka. Watu wakasimama kuuliza kuna nini. Wenzangu, miezi ile yote wanawake wawili walikuwa wakirudishiana chombo ambacho si cha yeyote kati yao, na kila mmoja akiomba Mungu mwenzake ndiye achoke kwanza.

"Basi nirudishieni," bibi akasema akipangusa miwani. "Lakini na mimi si mtu wa kurudishiwa tupu."

Wakatoa yaliyokuwamo, wakalijaza upya pamoja. Mama ya tende, jirani ya boga, na juu kabisa yale ya mbaazi. Bibi akapandishwa, dirisha likafunguka, kikapu kikateremka, nikatia bakuli kwa mikono yangu. Likapanda pole pole, likapita nguo zilizoanikwa, likaingia dirishani. Sote tukatazama hadi dirisha likafungwa.

Na hapo, ndugu zangu, mambo yakapoa.

Asubuhi iliyofuata mama aliuliza, "Leo tupike nini?" Nikasema, mahamri. "Mahamri basi," akasema. Hakufungua mtungi hata mmoja. Hapakuwa na chombo cha kurudisha, na kumpelekea mtu chakula bila sababu, wakati wote wawili mnauza, ni kama kujionyesha. Ng'ambo nako karai lilikuwa likitoa yaleyale ya jana. Salamu zikaendelea, nzuri kabisa, shikamoo, marahaba. Mama akawa anakaa mapema. Magoti, ambayo miezi yote sikuyasikia, yakarudi kutajwa. Na sinia, niliona na sikutaka kuona, likaanza kurudi jikoni na mahamri pembeni.

Vunjajungu ikafika na kaka akafika. Alikuta sinia juu ya meza lina mahamri yaliyobaki. Aligeuza uso, ni mtu wa huruma. Aliyesema alikuwa mama.

"Begi langu liko nyuma ya mlango."

Niligeuka nikaliona. Limefungwa, limekazwa kamba, hata mswala wake umo. Sikujua alilifunga lini. Hapo nilipandisha sauti, sijali nani alisikia. Nikasema, mama, nani amekushinda? Umemkaribisha mgeni, umemfundisha na kufundishwa naye, watu wanaagiza hadi bandarini, leo unafunga begi? Nani amekushinda?

"Hakuna aliyenishinda, mwanangu," akasema. "Nimechoka."

Neno lile lilinikata. Nilikumbuka siku ya kwanza alilisema juu ya nani. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikalia kama mtoto, na kaka akachukua begi akalipeleka garini, mdomoni mwa uchochoro, kwa haraka, nadhani asinione.

Mama akavaa buibui lake akatoka. Akasimama barazani. Ng'ambo, jirani alikuwa ameegemea mlango, mikono ameikunja kifuani, anatazama karai bila kulitazama. Alipomwona mama na gari akajua, maana mikono ilimshuka. Hakuita. Wakatazamana.

"Nisubirini kidogo," mama akasema.

Akashika njia ya Makadara kwa miguu. Kaka akadhani amekwenda kununua vya safari, akawasha redio ya gari. Tukasubiri. Mama akarudi akihema, kifurushi cha gazeti kwapani, akatupita sote, akaingia jikoni, akavua buibui. Nikasikia mtungi unafunguka. Kisha mwingine. Kisha kinu. Kaka akapiga honi. Harufu ikaanza kutoka: nazi, iliki, na kitu cha tatu nisichokijua, nami naijua kila harufu ya jiko lile.

"Njoo uchukue!"

Alikuwa amesimama na bakuli mikononi. La bati, jipya, la bei rahisi, jeupe lenye ukingo wa samawati, limefunikwa kitambaa. Uso wake ulikuwa na unga hadi kwenye nyusi.

"Vusha."

"Mama, bakuli la nani hili?"

"Hatujui," akasema. "Limekutwa barazani."

Nikavuka. Jirani akalipokea kwa mikono miwili, akafunua kitambaa, akanusa, akafumba macho. Kisha akaliinua juu akatazama chini yake. Karatasi ya bei ya dukani ilikuwa bado imebandikwa. Akaangalia ng'ambo. Mama alikuwa mlangoni anajifanya kupangusa sinia.

"Dada, bakuli hili la nani?"

"Hatujui," nikasema. "Tumelikuta barazani."

Akalikumbatia kifuani, akacheka.

"Basi itabidi nilirudishe," akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

Nilipogeuka, kaka alikuwa ameshafungua buti ya gari, analitoa begi la mama.